Upande wa Pili wa Pikipiki ya Bati

Siku niliyonunua karanga nikapata mke naikumbuka kuliko hata siku ya ndoa yenyewe. Kaa hapo, mwanangu, nikusimulie, ila usiniambie mimi nitulie, maana tangu ujana sijui kukaa. Jana ulinilalamikia kuwa wenzako wamekutangulia, na kile ulichokianza unataka kukitupa. Sikulala vizuri kwa maneno yako.

Wakati wetu ule ulikuwa mbaya. Sabuni hakuna, sukari kwa foleni, na kitambaa ndiyo usiseme. Nilikuwa fundi mitambo kijana kwenye shamba moja la mkonge nje ya Tanga mjini. Mashine zimelala kwa kukosa vipuri, tunaingia asubuhi, tunatazamana, tunarudi nyumbani. Mikono ilikuwa ikiniwasha, wallahi, nagusa hiki nagusa kile.

Basi karanga zile zilifungwa kwa ukurasa wa gazeti la kigeni. Nikaufungua, nikaona pikipiki ya ajabu, ndefu, imefunikwa bati tangu mwanzo mpaka mwisho, kama nguru aliyelazwa kwenye meza ya sokoni. Kando yake amesimama mtu. Maandishi yalisema hiyo ndiyo iliyokimbia kuliko pikipiki zote duniani, juu ya uwanda wa chumvi. Mimi chumvi niijuayo ni ya mashamba yetu ya pwani, nikajiuliza mbona haikuzama! Jioni ile ile nikaanza kuiunda ndogo yake.

Vipimo nilivichukua kwa yule mtu aliyesimama. Nikamkadiria urefu wa baba yangu, kisha kila futi nikaifanya inchi moja. Umbo nikalichonga kwa mlingoti wa mkonge, lile shina refu la ua lake, maana ni mwepesi na unakubali kisu. Juu yake nikagongea bati la kopo la maziwa na kulilehemu. Ekseli ni spoku za baiskeli, matairi ni kandambili zilizokatika. Watu wakipita wananicheka, mtu mzima na kidude cha bati. Nacheka nao, mikono inaendelea.

Nilikuwa nimeposa, lakini sijajibiwa. Binti alikuwa Mwanahawa, na baba yake Fundi Salehe, mshonaji wa mtaa wa Ngamiani. Vitambaa vilipoadimika, kazi yake ikabaki kugeuza kola. Shati likichakaa shingoni analifumua, upande uliojificha anautoa nje, anashona upya, na shati linarudi mjini. Ijumaa moja baada ya sala akaja kwetu kunitazama mimi ni mtu wa namna gani, akanikuta barazani na tupa mkononi, nasugua bati.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nini hiyo?"

Nikamwambia kwa fahari. Akaichukua, na ule ubavu nilioung'arisha hakuutazama hata kidogo. Aliigeuza. Upande wa pili ulikuwa mlingoti mtupu.

"Na huku?"

"Picha haionyeshi huku, mzee."

"Ebo! Kwani wenyewe walitengeneza nusu pikipiki?" Akanirudishia. "Na binti yangu umemwona upande mmoja, wa barazani. Ukimaliza huku, njoo tuzungumze." Akavaa makubadhi yake, akaenda zake.

Nilikasirika, nisikufiche. Mgeuza kola anifundishe mimi mitambo! Nikaitupa chini ya kitanda, nikakaa nayo hivyo hivyo.

Mara nchi ikafunguliwa, biashara ikawa rukhsa. Mitumba ikajaa, redio zikajaa. Palikuwa na kijana anaitwa Hamadi, aliyekuwa akipitisha magendo njia ya Moa, kule mpakani, kwa kificho. Sasa anapitisha mchana kweupe, anaitwa tajiri. Akampelekea Fundi Salehe gora zima la kitambaa cheupe: "Weka tu, mzee, tutaongea." Mji mzima ulijua watakachoongea. Fundi akaliweka kando ya cherehani, hakulikata, hakulirudisha.

Mwanahawa akamtuma shangazi yake, Bi Tatu. "Anasema hivi: baba atatoa jibu mfungo mosi, Ramadhani hii ikiisha. Anasema ukiendelea kuzubaa, sherehe ya harusi yake utaisikilizia hapo hapo kwenye baraza lako."

Lo! Niliingia chini ya kitanda kwa kichwa. Nikadhani kazi ni ndogo, nitarudia nilivyoufanya upande wa kushoto, ule wa picha, basi. Bati likawa tayari, nikalitazama, nikakwama. Dereva anaingilia wapi? Kushoto hakuna mlango. Juu pana kioo tu. Nikatembea, mwanangu, Ngamiani mpaka bandarini, bandarini mpaka Ngamiani, Ramadhani, koo limekauka. Nikarudi nikijiambia kwamba kama kushoto hakuna mlango, basi uko kulia. Nikakata kijimlango, bawaba nikaifanya kwa pini.

Sasa mlango ukifunguka, ndani patupu. Nikamwomba Bi Tatu aniletee kipande cha nguo cha kutandikia kiti. Hakuleta kipande. Alileta kigodoro kidogo kama kidole gumba, cha kola chakavu, kimeshonwa kwa mkono pande zote. Salamu hakuna, neno hakuna. Nilikishika nikasahau hata kufuturu.

Mfungo mosi ukaingia, nikaenda kwa Fundi Salehe. Gora liko pale pale. Akaipokea pikipiki, akaigeuza, akauona mlango, akaufungua kwa ukucha. Akavaa miwani. Akapitisha kidole ndani, akakitoa kile kigodoro.

"Mshono huu naujua," akasema. "Nilimfundisha mwenyewe."

Nikaanza kuapa kwamba sijaonana na binti, sijasema naye.

"Nyamaza. Nimekuuliza?" Akasimama, akanibebesha lile gora begani. "Mrudishie Hamadi. Mwambie binti mwenyewe keshajibu."

Mzee yule alikuwa amekaa na kiu ya kitambaa kipya kwa muda mrefu, na gora lile hakulipima hata kwa shubiri. Nililia njia nzima na gora begani, watu wakidhani nimefiwa.

Hivi majuzi mjukuu wangu alinitafutia kwenye simu picha ya ubavu wa kulia. Mlango haupo! Ni kile kioo cha juu ndicho kinachofunuka. Mwanahawa alicheka mpaka akashika ukuta. "Usimwambie baba," akasema, na baba yake tulishamzika zamani.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Kuwashwa mikono si ugonjwa, na wanaokwambia tulia waache waseme. Lakini ulichokianza kigeuze, upaone palipobaki patupu, upamalize. Huko picha isikokuonyesha kitu, utakwenda kwa kukisia, na pengine utakosea kama nilivyokosea mimi. Ndoa yangu nayo nimeikisia karibu yote. Ila usijifungie peke yako. Omba kipande cha nguo, utajua nani yuko nawe.

Mola akupe mikono isiyochoka, na akujaalie mtu wa kukushonea kigodoro. Haya, nipishe nisimame, nimekaa mno.