Amina Niliyoisema Nikiwa na Lenzi Machoni

Ndugu na dada zangu wa ushirika wa Merigi, naomba mniruhusu nisome. Nikizungumza bila karatasi nitaanza kujitetea, na leo sikuja kujitetea. Mnaniona nimevaa miwani. Kuna siku mlimshukuru Mungu hapa hapa kwa sababu niliacha kuivaa. Nimekuja kuwaeleza kwa nini niliiacha, na kwa nini imerudi.

Nimevaa miwani tangu darasa la nne. Bila hiyo, mtu aliyesimama hatua tatu kutoka kwangu ni nguo tu, hana uso. Nilipomaliza chuo kikuu nilikaa nyumbani mwaka mzima nikiandika barua za kuomba kazi, kisha nikachukuliwa kwa majaribio ya miezi sita katika kiwanda cha chai, kukagua majani na kuandika ripoti. Mimi ni mtu wa kuwaza. Ripoti ya ukurasa mmoja naisoma mara sita, na nikishaipeleka nakumbuka koma. Sasa, kila nilipotoka kwenye baridi ya nje nikaingia chumba cha kukaushia, miwani ilijaa ukungu nikasimama kama kipofu. Msimamizi wetu, Bwana Odhiambo, mtu mwema asiyeweza kukaa bila mzaha, aliniambia, "Dada, hiyo miwani iwekee waipa kama za lori." Watu walicheka. Mimi nilirudi nyumbani nikijiona nimeshafukuzwa.

Ndipo nikaenda Nakuru kwa mtaalamu wa macho. Alinipima, akaniagizia lenzi, kile kipande laini, chembamba kama ngozi ya kitunguu, kinachokaa juu ya mboni. Siku ya kunikabidhi alinifundisha kunawa mikono kwa sabuni, kuziosha kwa dawa yake maalum, kuzitoa kabla ya kulala na kuzihifadhi ndani ya dawa mpya katika kikopo chake. Niliandika kila neno. Sikumwambia mtu yeyote, hata mama. Niliona aibu kununua kitu kama hicho wakati bati la jikoni linavuja.

Jumamosi ya wiki hiyo mliniombea kuhusu kazi yangu, na mtu mmoja akataja na macho. Jumapili nikaja bila miwani. Mama mmoja akasimama akasema, "Mwoneni binti yetu. Bwana amemfungua macho." Mkapiga makofi. Nilifungua mdomo niseme ukweli. Nikawaza, nikisema sasa nitamwaibisha mama wa watu mbele ya kanisa, nitamwambia kesho pembeni. Nikasema, "Amina."

Ni neno moja tu. Lakini tangu siku ile sikuweza kuonekana na miwani popote, hata nyumbani, kwa sababu mama yangu alikuwa amelia kwa furaha. Nilivaa lenzi kabla hajaamka na kuzitoa akishalala. Mara nyingine usingizi ulinichukua kabla yake, nikalala nazo. Kikopo nilikificha ndani ya mkebe wa majani ya chai chini ya kitanda.

Kisha zikaja zile mvua za El Nino. Barabara ya kupitia Londiani kwenda Nakuru ilikatika, na dawa yangu ilikuwa inakaribia kwisha. Kwanza niliacha kuimwaga. Niliongeza matone mapya juu ya yale ya jana, na ya juzi. Ilipokwisha kabisa nilichota maji ya mvua kwenye tangi letu, nikatia chumvi, nikachemsha. Nilichemsha mara tatu, nikipima kwa saa. Nyumbani kwetu maji ya tangi ndiyo ya kusuuzia kibuyu cha maziwa, kwa hiyo nilijiambia hakuna maji safi kuliko hayo. Mimi ninayewazia koma, sikuwaza kwamba nilikuwa nayapoza katika bakuli lililo wazi, na kuyamimina katika kikopo kilichojaa utelezi.

Asubuhi moja niliamka na kitu kama chembe ya mchanga katika jicho la kulia. Kufikia jioni lilikuwa jekundu, likitoa machozi bila kukoma. Siku iliyofuata nilienda zahanati. Mama Cherono, nesi wetu, ambaye ameketi pale, aliniuliza kama kuna kitu kiliingia. Yeye ndiye aliyepiga makofi kuliko wote siku ile. Nikamwambia ni vumbi la chai. Akanipa dawa ya kupaka, ambayo ni sawa kwa mtu mwenye vumbi. Kesho yake ilikuwa Jumapili na zamu yangu ya kusoma Maandiko. Nikairudisha lenzi juu ya kidonda.

Baada ya siku mbili sikuweza kustahimili mwanga. Kope ilivimba ikajifunga. Nilipoifungua kwa vidole ulitoka usaha, na kwenye kioo niliona doa jeupe juu ya weusi wa jicho. Maumivu yalipanda hadi kwenye meno. Mama alinifunga leso kichwani akanishika mkono, akanipeleka hospitali kubwa.

Daktari aliniangalia kwa taa yake kwa muda mrefu. Akauliza, "Unavaa lenzi?"

Mama akajibu kabla yangu. "Hapana, daktari. Huyu aliombewa."

Daktari hakubishana naye. Alinisogelea, akasema polepole, "Nikitibu jicho la vumbi, hili litakufa. Niambie mwenyewe."

Nikasema, "Ninavaa." Nikamweleza na habari ya maji ya tangi. Sikuweza kumtazama mama, na hata ningetaka, jicho moja lilikuwa limefungwa na la pili limejaa machozi.

Walitia dawa ya ganzi, wakakwangua kidonda kwa sindano ili wapime vijidudu. Kwa siku tatu nilitiwa matone kila saa, mchana na usiku, na kila tone liliwaka kama pilipili. Daktari alituambia kwamba kama ningechelewa siku mbili zaidi, angekuwa anazungumza habari za kulitoa jicho.

Siku ya pili mama alisogeza kiti karibu na kitanda. Halafu akasema, "Kibuyu ninakiosha, ninakisugua kwa mkaa, ninakiinamisha kikauke, ndipo nitie maziwa mapya. Simimini juu ya mabaki. Wewe uliyesoma, jicho lako umelifanyia nini?" Akaongeza, "Na Mungu hakukutuma umdanganyie watu."

Nililazwa wiki tatu. Jicho lilibaki, na kovu likabaki nalo. Kwa hilo jicho nasoma kichwa cha gazeti, habari yenyewe sisomi. Niliporudi kiwandani na miwani, Bwana Odhiambo hakutania. Aliniambia nisimame mlangoni kidogo, miwani ishike joto, na ukungu utaondoka wenyewe. Fundi wa mitambo hufanya hivyo miaka yote. Ilikuwa kazi ya dakika mbili, na mimi sikuwahi kuuliza.

Sisemi lenzi ni mbaya. Ukizihitaji, nunua kwa mtu aliyekupima macho, usikubali za mezani sokoni wala za kuazima kwa rafiki. Uliza dawa yake utaipata wapi ikiisha, kabla hujalipa. Nawa mikono na uikaushe. Maji yasiguse lenzi, yawe ya bomba, ya mvua au yaliyochemshwa, wala usiilowanishe kwa mate. Dawa ya jana mwaga, kikopo kiinamishe kikauke, kama mama na kibuyu chake. Usilale nazo. Weka miwani karibu siku zote. Jicho likiwa jekundu au likiuma, toa lenzi na uende siku hiyo hiyo, na ukiulizwa, sema kweli hata kama anayeuliza anakujua.

Mama Cherono, nisamehe. Ulitibu ulichoambiwa. Mama uliyesimama Jumapili ile, wewe hukukosea, ni mimi niliyenyamaza.

Siku ile nilisema Amina kwa jambo ambalo halikutendeka. Leo jicho langu lipo. Nikilifumba la kushoto ninaona madirisha ya kanisa hili, na ninaona kwamba mmesimama. Hilo limetendeka. Amina.