Kucha Zenye Hina

Dada yangu hupaka watu hina huku ugenini, mtaa wa Fordsburg. Maharusi wa Kihindi, wa Kisomali, wa kwetu Tanga, wote hupita mikononi mwake, na yeye mwenyewe haachi kujipaka. Kucha zake zina wekundu ulioiva, karibu na weusi, mwaka mzima. "Mteja akiniona na kucha tupu atasema nimeacha kazi," huniambia nikimtania kwamba ameolewa na hina.

Mkono wa kushoto hujipaka mwenyewe. Wa kulia humpaka mimi, tangu tulipokuwa wasichana. Ndiyo maana nilichukia mwaka ule aliponiachia maua ya kiganjani tu, kucha akazimaliza mwenyewe kabla hajaniita. Kwa mkono wa kushoto! Zilitoka ovyo, hina imemwagika mpaka kwenye nyama. Nilidhani ameona sipaki vizuri, nikanuna.

Wakati huohuo alianza kuchoka. Lifti ya jengo letu imekufa siku nyingi, na tunapanda ngazi. Kila tukifika kwenye kona alisimama akajifanya anatafuta funguo kwenye mkoba, na funguo anazo mkononi. Nikamwambia twende hospitali. Akakataa katakata. Zamani, kwenye foleni ya kliniki moja, mtu wa dirishani alimwambia akatibiwe kwao, mbele za watu, na tangu siku ile akaapa hatakanyaga tena. Nikagomba, nikabembeleza, nikagomba tena. Hasira zangu ziko karibu, na hofu ikinishika huwa nafoka zaidi.

Mteja mmoja ndiye aliyetuambia habari za mama wa Kichina huko Cyrildene. Hatoi damu, alisema, anatazama tu.

"Kutazama tu?" dada akauliza. "Basi twende."

Mimi sikuamini hata chembe. Nilikwenda kwa sababu ule ndio mlango pekee aliokubali kuuingia.

Njiani alikuwa akimumunya ubuyu, ule mwekundu wa Zanzibar anaouza pembeni ya hina. Chumba cha yule mama kilinukia mizizi na tangawizi kavu. Ukutani palikuwa na picha ya sikio, na ndani ya sikio kachorwa mtoto mchanga kichwa chini, kama aliye tumboni. Kiingereza cha mama yule kilikuwa kifupi na chetu hakikukizidi sana, lakini alitueleza kwa vidole. Ndewe ni kichwa cha yule mtoto. Ulimi nao una mitaa yake: nchani moyo, pembeni ini, katikati tumbo, nyuma kabisa figo. Kucha husema habari za damu. Kwao, alisema, ukitaka kujua ya ndani, anza na ya nje.

"Toa ulimi."

Dada akatoa. Mama wa watu akashtuka, akavuta taa karibu. Ulimi ulikuwa mwekundu wa kutisha, mtaa wa moyo na mtaa wa figo rangi moja.

"Umekula nini?"

Dada akatoa pakiti. Mama akachukua punje moja, akaimumunya kwa utulivu, kisha akaenda kwenye kioo akautoa ulimi wake na kujitazama. Tulicheka wote watatu. Dada alicheka mpaka akakosa pumzi, akashika meza, na kicheko changu kikaishia hapo.

Mama akamshika mikono. Akasugua kucha kwa pamba yenye spiriti, hina ikabaki palepale. Akatazama midomo, ina rangi. Macho, yana wanja. Aliweka vidole vitatu kwenye mshipa wa mkono na kufumba macho, muda mrefu, kisha akainua kidole gumba cha dada na kunionyesha shina la ukucha. Ukucha mpya ulikuwa umeota chini ya hina, mwembamba kama uzi, na ulikuwa mweupe kama chaki.

Nikamkumbuka Mama yetu. Utotoni, kila tulipotoka kuoga, alitufunua kope za chini kwa kidole gumba, mmoja baada ya mwingine, akatazama, akasema, "Haya, nenda." Hatukumuuliza anatafuta nini. Basi nikamwinamia dada palepale kitini na kumfunua kope. Ndani palikuwa peupe.

Hakujitoa. "Najua," akasema.

Miezi mingi alikuwa akivuja damu, siku ambazo si zake, na akinyamaza. Kila ukucha mpya ulipoanza kuonekana, aliurudia kwa hina.

"Unanificha mimi?"

"Ungelia. Halafu ungelia kwenye simu na Mama."

Ni kweli, ningelia. Nililia palepale, kwa hasira na kwa woga, wala sikujali nani ananitazama. Mama wa Kichina alituambia ana dawa za mizizi, lakini hatatoa hata moja kabla damu haijapimwa hospitali. Dada akaniangalia mimi, si yeye. "Ukisimama na mimi dirishani, nitakwenda," akasema. Nilisimama. Wakamwongezea damu, na baadaye wakamtoa uvimbe kwenye kizazi.

Mpaka leo sijui kama kweli figo zinakaa nyuma ya ulimi. Najua kwamba daktari wa hospitali, kabla hajagusa karatasi yoyote, alimfunua kope. Nilimfikiria Mama, na yule wa Cyrildene, na picha ya mtoto ndani ya sikio. Nilikuwa nikiishi na mtu huyu chumba kimoja, nikimpaka kiganja, na sikumtazama.

Idi iliyopita aliniletea bakuli la hina akakaa mkekani. Akaninyooshea mkono wa kulia, kiganja na kucha. Nilipofika kidole cha mwisho akakikunja.

"Hiki kiache."

"Wateja watasemaje?"

"Eish, waambie hina iliisha." Akakikunjua, akanipa. "Hiki chako."

Nikaubonyeza ule ukucha mtupu mpaka ukawa mweupe. Nikauachia, nikasubiri, damu ikarudi.