Mgonjwa wa Dirishani, Rooty Hill

Ghala nililofanyia kazi Granville, huku ughaibuni, halikutukatia bima kwa kampuni yoyote. Lilijibebea lenyewe: ukiambukizwa kazini, linakutibu na kukulipa kutoka mfuko wake, na gharama ikivuka kiwango fulani ndipo bima kubwa iliyo nyuma yake, iliyowekwa kwa sharti la serikali ya jimbo, inapobeba kilichozidi. Kwa kuwa mfuko ni wake, lilitaka pia kujionea wagonjwa lenyewe. Corona ilipotufungia majumbani nikatumwa mimi, eti kwa sababu nazungumza Kiswahili. Niliichukia kazi hiyo.

Mgonjwa mmoja alikuwa Mkongomani, mpakiaji mwenzangu, akiishi na mkewe mtaa wa Rooty Hill. Nilisimama kwenye majani nje ya dirisha lao. Mtaa mzima kimya, hata mbwa hawabweki. Mume alikuwa ameketi nyuma ya kioo, amevaa suti ya kanisani na tai. Kwao mgeni akija, mgonjwa huvalishwa akapendeza, ni heshima. Nililijua hilo vizuri, lakini nilipoiona ile tai nikadhani amepata nafuu.

"Papa, leo tunaenda harusi ya nani?" nikamtania.

Mkewe alicheka, akauinua mkono wa mumewe na kunipungia nao. "Iko muzuri," alisema. Nikaripoti kwamba anaendelea vizuri.

Niliporudi asubuhi iliyofuata kulikuwa na baridi kali. Mume alikuwa kwenye kiti kilekile, uso karibu na kioo. Mke alisogea kunisalimia, na kioo kikaingia ukungu mbele ya mdomo wake. Mbele ya mdomo wa mume kilibaki safi. Nikangoja, nikaendelea kungoja. Mke akauinua tena ule mkono, na vidole havikukunjuka.

"Mama, uache huo mkono," nilisema. "Baba anapumua?"

Aliushusha taratibu mapajani mwa mumewe, akamnyooshea tai. Hapo nikapandwa na hasira. Nilipiga kioo kwa kiganja, nikamuuliza kwa nini hakuita gari la wagonjwa, wakati kampuni ingelipa kila kitu, na ikizidiwa ipo bima nyuma yake!

"Bangelipa, Papa," alisema. "Lakini bangemubeba ye peke yake, na miye bangenikataza kuingia. Usiku ya jana alikuwa anaogopa sana. Nilimuimbia mupaka akanyamaza."

Akaniomba nisipige simu kwanza. Hasira iliniisha, nikabaki na woga na huzuni, simu mkononi. Kutoka nyuma ya kioo nikamsikia anaanza tena kumwimbia.