Mguu wa Dada Vifungo

Mguu wa Dada Vifungo ulivunjwa kiwandani, na kiwanda hakikuomba radhi. Tuanzie hapo, kwa sababu baadaye watu wengi walijifanya wamesahau, na watu wazima wenye akili timamu wakijifanya wamesahau wanachefua.

Alikuwa mtia vifungo kwenye kiwanda cha mashati. Mashati yote rangi moja, vifungo vyote rangi moja, na ole wako kifungo cha juu kikae upande. Mjane, hana mtoto, anaishi chumba kimoja na mama yake mzazi, bibi ambaye kifua kinambana hata akivaa kandambili. Siku hiyo alikuwa ameinama kuokota kifungo kilichomponyoka, kasha la pasi likaporomoka kutoka rafu ya juu, likamwangukia pajani. Wifi yake, dada wa marehemu mumewe na mfanyakazi mwenzake, ndiye aliyelisukuma kando huku akipiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Msimamizi alipofika, la kwanza aliuliza kama pasi zimepona.

Mfupa ukaunga upande. Tangu hapo kila akipiga hatua nyonga inadondoka. Akawa anachechemea.

Kwingine hilo lingekuwa jambo la pole dada, kaa hapa. Si kwenye mji ule! Kule watu walikwenda kazini kwa safu, sita sita, wakifuata kipaza sauti: moja, mbili, moja, mbili, kutoka mlango wa nyumba hadi geti la kiwanda. Getini amesimama mtu wa Idara ya Ulinganifu na fimbo yake nyeupe, ambaye watu walimwita Bwana Mwendo, kwa kunong'ona. Safu isiyolingana husimamishwa, wote sita wachelewe kazini. Ikisimamishwa mara ya tatu, aliyeiharibu hutolewa. Aliyetolewa hana kazi, na asiye na kazi hana chumba. Yaani mama wa watu na kifua chake atupwe nje, kisa mwanawe hatembei kama wenzake!

Mara ya kwanza Bwana Mwendo aliponyoosha fimbo mbele ya safu yao, Dada Vifungo alisema samahani. Mara ya pili aliutazama mguu wake. Jioni hiyo Bi Pasi, mpiga pasi wa safu ileile, mwanamke asiyejua kumung'unya maneno, alimfuata mlangoni.

"Dada, tunakupenda, lakini hatutaki kuzama pamoja na wewe. Huwezi kujikaza?"

"Nijikaze nini? Mfupa?"

"Basi omba mapumziko."

"Niliomba. Wamesema mapumziko ni ya wagonjwa, na mimi nimeshapona."

Akaingia ndani, akaketi kitandani, akamwangalia mama yake anavyovuta pumzi kwa shida. Kwa hasira, hata chai ilimshinda.

Aliyemwokoa ni wifi yake. Tumpe haki yake, maana siku zile alikuwa bado mtu. Alikuja na wanawake wote wa safu yao, akafunga mlango, akashika kiuno. "Sheria inataka tufanane," akasema. "Nimeisikiliza asubuhi mpaka jioni, haijasema tufanane na nani. Wifi, hebu tembea."

Dada Vifungo akatembea. Wifi akamfuata nyuma, akidondosha nyonga. Bi Pasi naye, na mwili wake ule, akajaribu akajigonga ukutani. Walicheka mpaka wakaishiwa nguvu. Mama mzazi akacheka mpaka kikohozi kikampanda, ikabidi wampige mgongo. Walirudia na kurudia hadi wote sita wakachechemea kama mtu mmoja, na Dada Vifungo akalia kwa furaha mbele yao bila haya.

Kesho yake fimbo ilibaki chini. Bwana Mwendo alikunja uso, akatazama miguu, akakuna kisogo. Kuna kitu hakikumkaa sawa, lakini safu ile ililingana kuliko safu zote. Angesema nini? Akawapitisha.

Hapo sasa woga wa watu ukaanza kazi yake. Safu ya nyuma iliona safu ya mbele inachechemea na haisimamishwi, ikadhani kuna amri mpya imeipita. Nani akaulize, ajulikane hakuisikia? Thubutu! Wakachechemea. Bwana Mwendo kuona safu nyingine, na nyingine, akadhani amri imetoka kwa mkubwa wake. Mkubwa wake akadhani imetoka kwa mkubwa zaidi. Watu wenye vyeo na meza za vioo, wameajiriwa wajue nani kaamuru nini, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo! Kabla mvua hazijaanza, kipaza sauti chenyewe kilibadilisha hesabu: mooo-ja, mbili, mooo-ja, mbili. Mji mzima ukawa unachechemea, walimu, wauza duka, wachumba wameshikana mikono. Watoto waliokuwa wanasimama dede walifundishwa hivyo tangu hatua ya kwanza.

Mnacheka? Yeye hakucheka.

Zamani, kwenye foleni ya maji, watu walimpisha. Sasa wampishe kwa lipi, na kila mtu anachechemea? Akisema mguu unauma, anajibiwa, "Wa nani hauumi, dada?" Na kweli iliwauma, wapumbavu wale, nyonga nzima zilizopindwa kwa hiari ya wenyewe. Maumivu yake wamejigawia mji mzima, na yeye mwenyewe kanyimwa hata haki ya kuguna.

Wifi naye akapanda cheo. Idara ilitafuta wakufunzi wa mwendo, na nani angemshinda? Akapewa fimbo fupi nyeupe. Mwanzoni aliishika kwa aibu, akikonyeza: "Wifi, si unajua, tunawachezea tu hawa." Baadaye kukonyeza kukaisha. Akaanza kusema "mwendo wetu". Mwisho akawa anasema "tangu zamani", macho makavu, bila hata kupepesa.

Mvua zilipoingia, mguu wa Dada Vifungo ulikaza. Asubuhi unagoma kunyanyuka, anauburuta, kisha unalegea kidogo anachechemea, kisha anauburuta tena. Mfupa hausikilizi kipaza sauti. Safu ikasimamishwa, na kwa kuwa mwendo ulikuwa mpya, hesabu ikaanza upya. Siku chache hazikupita, ikasimamishwa tena. Alikuwa akilala na roho mkononi, akisikiliza mvua na kifua cha mama yake.

Mara ya tatu ikaja, palepale getini, watu wote wakitazama. Bwana Mwendo hakuwa hata na hasira. Alizungumza kama mtu anayemwelekeza mtoto mzito wa kuelewa.

"Wewe unachechemea vibaya."

"Nini?"

"Vibaya. Unaburuta. Mwendo ni kudondosha, siyo kuburuta. Mkufunzi, hebu mwonyeshe."

Wifi akasogea mbele. "Jitahidi tu, wifi," akasema kwa upole wa kukera. "Nitazame mimi. Unanyanyua, unadondosha. Siyo kazi ngumu, ni kuzoea." Akatembea mbele yake, nyonga yake nzima kabisa ikipanda na kushuka bila kosa, akageuka, akatabasamu.

Damu ikamchemka Dada Vifungo. "We mwanamke! Unanifundisha mimi? Umejifunzia chumbani kwangu, unanifuata nyuma, mama yangu anatazama!"

"Usipige kelele, wifi. Unatuaibisha sote."

"Haya, sipigi." Akashusha sauti, ikawa mbaya zaidi. "Niambie jambo moja tu. Mguu wangu huu umepatwa na nini?"

Bi Pasi akainamisha kichwa. Wengine wakatazama geti. Wifi akafungua mdomo. Alijua; nani ajue kama si yeye, aliyelisukuma kasha kando kwa mikono yake miwili? Lakini kabla hajajibu aligeuza shingo, akamtazama Bwana Mwendo usoni, aone jibu ni lipi.

"Basi," akasema Dada Vifungo. "Inatosha."

Akatoka safuni mwenyewe, fimbo haijanyooshwa. Nyuma yake akasikia viatu vikisogea: wenzake wanaziba nafasi. Akarudi kwa njia ileile waliyojia, akipishana na safu na safu, wote wakidondosha nyonga, wote wakimkwepa macho, naye akiuburuta mguu wake kwenye tope na kuwatukana kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, kwa majina aliyoyajua na asiyoyajua.

Mama yake alimwona mlangoni saa isiyo yake, akaelewa. "Wamekutoa?"

"Nimetoka."

"Tutakwenda wapi, mwanangu?"

"Sijui, mama. Sijui hata kidogo." Akavuta sanduku uvunguni, akaanza kutupia nguo ndani kwa hasira, kila anachoshika kinamponyoka.

Mama akamtazama kidogo, akasogea kumpa nafasi kitandani.

"Kaa kwanza. Unauma?"

Tangu mji uanze kuchechemea, hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Dada Vifungo akaachia sanduku, akakaa.

"Unauma, mama," akasema, machozi yanamtoka na meno kayauma. "Unauma vibaya sana."