Siku Nilipomwita Baba Mwanangu

Kwetu, msichana wa kwanza hupewa jina la mama mzaa baba, na cheo chake pia. Sijaota hata meno, baba alikuwa ananiita mama. Nikivunja kikombe, baba husema mama amechoka. Nikilia, kuku anachinjwa. Ndugu zangu walinichukia kwa haki kabisa.

Nyanya alifariki nikiwa darasa la sita. Baba akazidi kuniita mama, nami nikazidi kudeka.

Shida ilianza nilipopata kazi kwenye duka la dawa za mifugo mjini Nyeri. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, na nilitaka chumba changu huko mtaa wa Skuta, niamke Jumapili saa nne bila mtu kuniuliza kama ng'ombe wamekunywa maji. Baba hakutaka kusikia.

"Ati Skuta? Hii boma msichana hutoka na harusi, hatoki na mabegi."

Nikaomba, nikanuna, nikasusa chapati, jambo ambalo kwangu ni kufunga hasa. Wapi!

Basi Jumapili moja, ndugu wawili wa baba wakiwa sebuleni wanakunywa chai, niliketi katikati yao nikasafisha koo.

"Mwanangu," nikamwambia baba, "nimeamua kuhama. Sijakuja kuomba ruhusa."

Ndugu zake walicheka hadi chai ikamwagika. "Si mama yako amesema? Sasa wewe ni nani umkatalie?"

Kumkatalia mama mbele ya ndugu ni aibu, nami nililijua hilo vizuri sana. Baba alikoroga chai ambayo haikuwa na sukari.

"Haya," akasema. "Mama akisema, amesema."

Alinipeleka mwenyewe kwa pikapu ya kuazima, na viazi vya kulisha shule nzima. Akakagua kufuli, akatikisa kitanda, akagombana na bomba la maji. Kisha akaketi kitandani, kofia mapajani.

"Sasa mama," akaniuliza, "mimi unaniachia nani?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa ukali, si kwa swali hilo. Hakuwa anatania. Nilijiona mwizi wa cheo cha nyanya. Nilitaka kuwa binti yake tu, nimlilie begani, turudi wote nyumbani Endarasha. Lakini mama hamlilii mtoto wake. Nikamwambia avae kofia, nje kuna baridi, na asiendeshe mbio.