Resori ya Pedali ya Tatu

Thaddée wa Kasenga, mtaa wa mji wa Uvira, alikuwa mtu wa salamu fupi. Mikono ya fundi baiskeli haikosi grisi, naye hakupenda kuchafua watu. Ila mkono wa kushoto wa shemeji yake Gaspard aliushika muda mrefu, akiuminya na kuingiza kidole gumba ndani ya kiganja, kama mama anayechagua parachichi sokoni. Gaspard alikereka.

“Shemeji, weye uko unatafuta nini mu mukono yangu?”

“Niko nakusalimia tu.”

Uongo mtupu! Alikuwa anampima.

Mkono wenyewe ulikuwa na habari yake. Zamani Gaspard alipiga gita katika kila harusi ya maana, kuanzia Nyamianda alikokaa hadi Katogota kule bondeni. Mwaka 1958 mashine ya kuchambulia pamba ikamdaka mkono wa kushoto. Vidole viwili vilikwenda, na vitatu vilivyobaki vikajikunja visikunjuke tena. Gita lake akaligawa. Tangu siku hiyo akisikia muziki mbele yake njiani, aligeuza akapita kwingine. Mkewe Émérance, ambaye ni dada ya Thaddée, alikuja siku moja akakaa kwenye benchi la wateja.

“Kaka, bwana yangu iko anakula, iko analala. Lakini yeye mwenyewe hayuko.”

Thaddée akaendelea kujaza gurudumu upepo. Alikuwa anampenda sana dada yake, na Gaspard alimpenda pengine kupita hapo, ila hayo si mambo ambayo mwanamume wa Kasenga anayasema huku ameshika pampu.

Basi mwaka 1960, wiki chache baada ya uhuru wa Kongo, Wazungu walikuwa wanavuka mpaka kwenda Usumbura, Bujumbura ya leo. Mmoja wao, bwana shamba wa pamba, gari lake lilijaa pomoni. Akamwachia Thaddée sanduku refu. Ndani mlikuwa na gita la ajabu: nyuzi nane juu ya kitu kama meza nyembamba, miguu minne, na chini yake pedali nne za kukanyaga kwa mguu. Mzungu alimwonyesha haraka haraka. Mkono wa kushoto haubonyezi nyuzi kwa vidole. Unashika kipande cha chuma na kukitelezesha juu yake, basi.

Thaddée hakujua muziki. Kanisani mkewe Apolline alimfinya ili asiimbe. Lakini hilo alilielewa palepale: gita hili halitaki mkono unaofunguka. Linataka mkono uliojifunga.

Tatizo ni kwamba gita lenyewe lilikuwa gonjwa. Yule Mzungu alikuwa amelifungua nusu, na vitu vyake vidogo vidogo vilikuwa vimepotea. Vyuma vya kuvuta nyuzi Thaddée alivitengeneza kwa rayo, vile vijiti vyembamba vya gurudumu. Nyuzi zilizokatika alizibadilisha kwa waya wa breki alioufumua uzi mmoja mmoja. Skrubu zake zilikuwa na tundu la pembe sita, na Uvira nzima hakukuwa na ufunguo wa kuingia humo, kwa hiyo akauchonga kwa tupa kutoka ubavu wa mwavuli. Mwavuli ulikuwa wa Apolline, na kesi yake haikuisha nyumbani mpaka masika yakaisha. Mashine ya kukuza sauti ilikwenda na Mzungu. Badala yake akafunga debe tupu chini ya tumbo la gita. Kipande cha chuma kilitoka kwenye ekseli ya baiskeli. Alikisugua kwa mchanga wa ziwa na majivu, jioni baada ya jioni, akipunguza kidogo kila alipotoka kumsalimia Gaspard.

Kikabaki kitu kimoja: resori ya pedali ya tatu, springi ndogo inayoirudisha juu ikishakanyagwa. Alijaribu ya tandiko la baiskeli, ikawa ngumu. Ya kalamu ikawa laini mno, na ya tochi ikakatika. Mtafutaji hachoki, akichoka keshapata, nao wanaosema hivyo hawajawahi kutafuta resori Uvira. Miaka minne! Na Gaspard hakuambiwa neno, kwani Thaddée hakutaka kumwonyesha kitu kisichokamilika, akavunjika moyo mara ya pili.

Nyuzi alizifunga mwenyewe, kwa ujuzi wake wa magurudumu. Kila fundi anajua kwamba ukigonga rayo zote zikalia sauti moja, gurudumu limenyooka. Akakaza, akagonga, akakaza, mpaka nyuzi zote nane zikalia sauti moja. Akajipongeza.

Mwezi wa tano mwaka 1964 waasi waliingia mjini. Hawakuwa na magari ya kutosha, ila baiskeli walizitwaa nyingi, na zote ziliishia kwa Thaddée. Mchana mmoja mkubwa wao, mwenye kofia ya ngozi ya tumbili, alifunua gunia pembeni akaona waya, vyuma, pedali na debe.

“Hii nini?”

“Gita, chef.”

“Gita gani iko na miguu na pedali? Hii ni phonie! Uko unaongea na bazungu!”

Mtu aliyekutwa na phonie, redio ya kuitia maadui, hakurudi kwao siku zile. Thaddée aliapa. Wakamwambia basi apige. Akapiga. Ng, ng, ng, ng: nyuzi nane, sauti moja. Hata Apolline mlangoni aliona kwamba gita haliko hivyo.

Walimfunga mikono. Mkubwa akatoa muda mpaka jua liguse mlima: ama aletwe mtu wa kulipiga kweli, ama Thaddée auawe. Apolline hakupoteza hata dakika kulia, akakimbia hadi Nyamianda.

Gaspard alikuja akihema. Alilitazama lile gita, akamtazama Thaddée kwenye kamba. Kisha akaona chuma juu ya nyuzi, akakichukua kwa mkono wake wa kushoto. Kiliingia kiganjani kikatulia, bila nafasi ya hata unyasi.

“Kumbe zile salamu,” alisema taratibu.

Akagusa nyuzi. “Nani alifunga hizi?”

“Minye mwenyewe.”

“Weye ni mujinga kabisa, shemeji.”

Akazilegeza na kuzikaza moja moja, sikio limelala juu yake, wapiganaji wakingoja na bunduki zao. Halafu akaanza wimbo wa kumtoa bibi harusi kwao. Sauti ilitetemeka, ikateleza, ikapanda. Mara akakanyaga pedali ya tatu, nayo ikabaki chini, wimbo ukaharibika.

“Hairudi,” alisema. “Mumufungue huyu.”

Mkubwa aliinua kidevu, wakamfungua. Thaddée akajitupa chini ya gita, akalala chali, na kila Gaspard alipoondoa mguu, yeye aliisukuma pedali juu kwa vidole. Wimbo ukaenda. Mpiganaji mmoja akaanza kuuitikia kwa sauti ndogo, maana kwao pia mabibi harusi hutolewa.

“Phonie haiimbake hivi,” mkubwa alisema, wakachukua baiskeli zao wakaondoka.

Gaspard hakuacha. Émérance alipofika bado alikuwa anapiga. Dada wa watu akakaa chini kwenye vumbi, akalia kwa furaha.

Vurugu zilipotulia, Gaspard na Thaddée wakawa wanaitwa harusini, mmoja amekaa, mwingine amelala chini. Watu walicheka, wakawazoea. Mwaka 1967 Thaddée akaokota taipureta iliyokufa kwenye takataka za ofisi, na ndani yake resori. Ilikuwa yenyewe hasa. Aliifunga, na pedali ya tatu ikarudi juu peke yake.

Gaspard aliikanyaga mara mbili, mara tatu. Kisha akachukua ule ufunguo wa mwavuli, akaifungua resori na kumrudishia Thaddée mkononi.

“Haiko muzuri?”

“Iko muzuri sana.”

“Sasa?”

“Tukiiweka, weye utakaa wapi?”

Thaddée aliitundika resori kwenye msumari ukutani. Jumamosi hiyo kulikuwa na harusi, akabeba mkeka wake wa kulalia, wakaenda.