Niliandika Karafuu kwa Biro Mbele ya Baba Mkwe

Nisikize kwanza, kunitukana utanitukana baadaye. Mwenye makosa ni mimi. Si shetani, si marafiki wabaya, si kurogwa. Ni mimi na biro yangu na kichwa changu kigumu.

Nimepoteza mwanamke mzuri kwa sababu ya ule mraba wa kujaza maneno unaotoka kwa gazeti kila siku. Cheka tu. Hata mimi ningekuwa wewe ningecheka mpaka nishike ukuta.

Ilianza hivi. Mimi hufagia ofisi moja huko Ayany. Mdosi, yaani bosi wangu, huletewa gazeti kila asubuhi, na kabla hajafika mimi ndiye hulishika wa kwanza. Lile la jana ananiachia nibebe. Jioni nikishuka nyumbani Gatwekera nalipeleka kwa kinyozi ya rafiki yangu Ochi, wasee wapate kitu ya kusoma wakingoja kunyolewa. Mraba wa maneno huwa haujaguswa, maana mdosi wangu husoma michezo na matanzia, basi.

Sasa, majibu ya mraba wa leo hutoka kwa gazeti la kesho, kwa kakona kadogo huko chini. Siku moja asubuhi niliyaona ofisini, na gazeti la jana lilikuwa tayari kwa mfuko wangu. Nikayakariri hivi hivi, bila nia mbaya. Jioni kwa Ochi nikachukua biro, nikajaza mraba wote kabla jamaa aliyekuwa kwa kiti hajamaliza kunyolewa upande mmoja.

Ochi alizima mashine. "Wewe," akasema, "kumbe tunakaa na profesa hapa na tunamwitisha sigara!"

Hapo ndipo ningesema, "Wasee, nimeyaona asubuhi." Maneno matatu tu! Lakini wueh, hiyo sifa iliingia kama chai ya maziwa siku ya mvua. Nikapanguza biro kwa shati, nikasema, "Hii ya leo ilikuwa rahisi."

Kuanzia hiyo siku nikawa Prof. Kila asubuhi nakariri, kila jioni najaza. Maswali sikuwa nasoma hata moja. Ya nini? Najua moja ya kulala ni hii, nne ya kusimama ni ile, kwisha. Na ile kona ya majibu nilikuwa naichana kabla gazeti lifike kwa Ochi, wasijue majibu hutoka kesho yake. Wakiniuliza mbona gazeti lina shimo, nasema mdosi huchana hapo apate karatasi ya kusafishia miwani. Wakaamini! Mungu anisamehe, hata walimhurumia mdosi kwa macho mabovu.

Mambo ikakua. Mama mmoja akaja niamue nani alifika wa kwanza kwa laini ya maji. Vijana wa kubeti wakaniuliza mechi. Wazazi wawili walileta mtoto mchanga nimpe jina, na nikampa, jina lenye herufi nane, ili wasiseme nimefanya kazi kidogo. Ochi akaandika kwa ukuta, rangi ya kijani: PROF YUKO HAPA KUANZIA SAA KUMI NA MOJA JIONI.

Upande wa pili wa huo ukuta kuna saluni ya wanawake, na huko ndiko Ciru alikuwa anasuka. Alikuwa anasikia kelele za Prof kila jioni. Siku moja akapita kuona huyu Prof ni nani, na tukaanza kuongea. Haki huyo msichana! Anacheka na mabega. Ananunua chapati mbili na kunipa ile kubwa. Tulikaa karibu mwaka mzima, na mimi nikajua nimefika.

Siku moja aliniangalia nikijaza, akaniuliza polepole, "Kwani wewe husomi maswali?"

"Macho yangu ni haraka," nikamwambia. Yeye akaangalia ile kona iliyochanwa.

Kumbe kwao, Kawangware, mraba wa maneno ni kama ibada. Baba yake ni mzee wa ploti huko, sehemu inayoitwa Kongo, Mkikuyu wa miaka mingi hapo, zamani alikuwa karani wa stoo. Yeye na marehemu mama Ciru walikuwa wanajaza mraba kila Jumamosi baada ya chai ya saa nne. Mama alipofariki, mzee akaendelea bila yeye. Ciru akamwambia, "Baba, nimepata mtu." Mzee hakuuliza natoka wapi. Hakuuliza kama mimi ni Mjaluo, hakuuliza nalala kwa mabati ya nani. Aliuliza tu, "Mraba anajua?"

"Wanamwita Prof," Ciru akajibu. Alijivunia mimi, maskini!

Tukapewa Jumamosi tuende tujulikane nyumbani. Mimi nilienda na mjomba wangu, ndugu ya mama, na Ochi aliyefunga kinyozi siku nzima kwa heshima yangu. Na nilikuwa na mpango. Asubuhi nilipitia ofisini, nikakariri majibu ya mraba wa Ijumaa, kisha nikabeba hilo gazeti la Ijumaa kama zawadi, juu ya kikapu cha sukari na unga.

Mzee alitupokea vizuri sana. Aliweka zawadi mezani, akaona gazeti, akafurahi kama mtoto. "Hili la jana nitaliweka," akasema, akaingia nalo ndani. Mimi sikusikia hiyo "nitaliweka". Nilikuwa narudia majibu kichwani tu. Aliporudi alikuwa na gazeti limekunjwa kwa ukurasa wa mraba, penseli iliyochongwa na kafutio kadogo kamekwisha pande zote.

Hilo lilikuwa lake. La Jumamosi. La siku hiyo hiyo!

Alininyooshea penseli. Na mimi, mjinga, nikatoa biro. "Mzee, mimi hutumia hii."

"Ngai," mzee akasema, "kijana hafuti!" Ochi akampiga mjomba kiwiko.

Sikuangalia maswali. Niliandika moja ya kulala kama nilivyoikariri: KARAFUU. Viboksi vilikuwa sita na herufi zangu ni saba. Nikafikiri ni wasiwasi, nikafinya U mbili kwa boksi moja. Nikaenda kwa tano ya kulala nikaandika SUFURIA. Hiyo ilikataa kabisa, viboksi ni vitano, ikatoka nje ya mraba ikaishia kwa tangazo la mbolea.

Mzee akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya karani. "Moja ya kulala. Ndugu wa kiume wa mama. Herufi sita." Akaniangalia. "Umeandika karafuu."

Mjomba wangu alikuwa ameketi hapo hapo kando yangu! Ndugu wa kiume wa mama, mzima, ana kofia! Mtoto wa nasari angelijibu.

"Tano ya kulala," mzee akaendelea. "Sayari tunayoishi. Umeandika sufuria."

Na hata hapo mlango wa kujiokoa ulikuwa wazi. Ciru alikuwa anapita na chupa ya chai, akainama kama anamimina, akaninong'oneza, "Sema ulichanganya magazeti. Cheka tu. Baba pia atacheka. Nitakusaidia kujaza."

Alikuwa anajua! Kumbe alijua kitambo, na bado alinileta kwao.

Sasa sikia nilichofanya. Watu wangu walikuwa wananiangalia, na mimi ni Prof. Nikapandisha sauti, nikamwambia mbele ya baba yake, "Haya si mambo ya wasichana. Wewe leta chai."

Aki, hiyo sentensi ningeweza ningeirudisha mdomoni na meno yote.

Ciru alisimama wima. Mzee akavua miwani. Na watu wangu, badala ya kuninyamazisha, wakanitetea! Mjomba alisimama, akashika kofia kifuani: "Mzee, kwa heshima. Mimi ndiye ndugu ya mama yake. Na kama huyu kijana amesema mimi ni karafuu, basi ni karafuu."

"Na hiyo ya sufuria ni kweli," Ochi akadakia. "Mzee, wewe fikiria tu. Dunia iko na moto chini na sisi tunachemka ndani. Ni gazeti limekosea!"

"Viboksi ni vitano," mzee akasema.

"Gazeti linabana viboksi siku hizi," Ochi akajibu. "Uchumi."

Walibishana hivyo mpaka chai ikashika ngozi juu. Mjomba alitaka mwandishi wa gazeti apigiwe simu aombe msamaha. Mimi nilikuwa nimekaa tu, biro mkononi. Mzee alijaribu kufuta karafuu na kale kafutio kake, akasugua, akasugua, karatasi ikatoboka.

Ndipo akaongea, na hakukasirika, na hiyo ndiyo inaniuma. "Kijana, mimi na marehemu mama Ciru, miaka yote hiyo, hatukuwahi kumaliza mraba hata mmoja. Hata mmoja! Tulikuwa tunakwama, tunacheka, tunakunywa chai. Ciru aliposema amepata mtu, nilidhani nimepata mtu wa kukwama na yeye." Akakunja gazeti lililotoboka. "Na huyu umemtuma chai ndiye hunitoa nikikwama. Tangu akiwa darasa la tatu."

Nikageuka kwa Ciru. Nikasema, "Ciru, niongezee chai, tuongee."

Akaweka chupa chini. Ilikuwa imejaa, mpaka ikamwagika kidogo kwa kitambaa. Akasema, "Chai imeisha."

Hivyo ndivyo tulivyoondoka Kongo, kikapu wakaturudishia, sukari yote ndani. Ciru alihamisha kusuka kwake karibu na kwao. Simu yangu hashiki. Ukuta wa saluni sasa umenyamaza, na mimi nikikaa kwa Ochi nasikia huo unyamavu kuliko mashine.

Nilijaribu kusema ukweli. Wiki iliyofuata nilisimama hapo kwa kinyozi nikawaambia wasee kila kitu: majibu ya asubuhi, kona niliyochana, miwani ya mdosi. Unajua walifanya nini? Walipiga makofi! Ochi akawaambia, "Mnaona mtu mkubwa? Hata hataki sifa." Wamenipenda zaidi. Yule mtoto wa herufi nane ameletwa nimbariki. Ndiyo maana nimeandika hapa, kwa gazeti, kwa sababu wao huamini gazeti. Na kesho jioni hili litafika kwa Ochi, na nakuahidi safari hii sitachana kitu.

Siku hizi najaza na penseli, na nasoma maswali. Ni ngumu, maze! Wiki nzima napata maneno manne. Juzi ofisini nilipata moja peke yangu, kwa akili yangu, la herufi tisa. Niliruka na ufagio mkononi. Nikatoa simu kumwambia mtu, jina la Ciru likatokea la kwanza, nikabaki nimeliangalia mpaka mdosi akaingia.

Wewe unayesoma, kama hujui kitu, sema hujui. Hakuna aliyekufa kwa kusema hajui. Usikubali watu wakuite jina ambalo itabidi udanganye kila jioni kulilisha. Na mtu akikunong'oneza jibu kwa sababu anakupenda, usimtume chai. Sogea, mwachie nafasi kwa kiti aketi.

Na Mzee, najua wewe husoma kurasa zote kabla ufike kwa mraba. Kama ni Jumamosi na uko hapo na penseli yako, mwambie Ciru nimekwama. Nimekwama kabisa, Mzee, na sina mtu wa kukwama na yeye.